Bitana ya zege imepasuka ndani ya handaki la maji ya presha: namna ya kusoma dalili na kupima chanzo

Karibu kila bitana ya zege yenye nondo, yaani ganda la zege linalofunika ukuta wa handaki kwa ndani, ikikaa ndani ya handaki linalopitisha maji ya presha kubwa, ina nyufa. Ukipokea ripoti ya ukaguzi iliyoandikwa "hakuna ufa", mtilie shaka kwanza aliyeshika tochi. Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua handaki lenye nusu kipenyo ya mita 2, bitana ya sentimita 30, na maji yenye kimo cha mita 100 juu yake, yaani bar 10 hivi, au MPa 1. Kama bitana ingebeba mzigo huo peke yake, zege lingevutwa kwa MPa 6.7. Zege la kawaida hukatika likivutwa kwa MPa 2 au 3. Litapasuka, labda mwamba wa nyuma yake uwe mgumu kiasi cha kupokea sehemu kubwa ya mzigo. Na hapo ni mita 100 tu. Kihansi nchini Tanzania, kituo cha umeme wa maji cha MW 180, maji yanaporomoka kimo cha mita 850 hivi, yaani zaidi ya bar 80. Kwa presha ya namna hiyo hakuna bitana ya zege inayobeba. Kinachobeba ni mwamba wenyewe au bomba la chuma.

Kwa hiyo fundi anayeingia handakini na kuhesabu nyufa anafanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua maji kiasi gani yanapita kwenye hizo nyufa, yanaelekea wapi, na yakifika huko yanafanya nini. Na jambo linalosahaulika kila mara: ufa unaouona handaki likiwa tupu umejifunga. Ule unaovujisha maji ni mpana zaidi, na hauonekani kwa sababu handaki limejaa. Ndiyo maana vipimo vingi vya maana hufanyika maji yakiwa ndani.

Hesabu ya kuanza nayo

Rudi kwenye handaki lilelile. Tuseme mwamba wake ni wa wastani, moduli ya unyumbufu (kipimo cha jinsi unavyokataa kunyumbuka) GPa 5. Presha ya MPa 1 italipanua kwa milimita 0.25 hivi kwa kila mita ya mzingo. Mzingo ni mita 12.6, basi zege, ambalo haliwezi kunyumbuka kiasi hicho, litafunguka kwa jumla ya milimita 3. Hizo milimita 3 hazina pa kukimbilia. Kinachowezekana ni kuzigawa. Nondo za kutosha, zilizopangwa karibu karibu, zitazigawa kwenye nyufa 20 za milimita 0.15. Nondo haba zitaacha nyufa 2 za milimita 1.5.

Sasa kumbuka kwamba maji yanayopita kwenye ufa hufuata upana wake kwa kipeo cha tatu: upana ukiwa mara 2, maji yanakuwa mara 8. Piga hesabu utaona nyufa 2 pana zinapitisha mara 100 ya zile 20 nyembamba, na jumla ya uwazi ni ileile. Kazi ya nondo kwenye bitana ya aina hii ni kuugawa ufa. Anayezihesabu kana kwamba ziko pale kuzuia ufa usitokee ataagiza chuma kingi na bado atapata ufa.

Kuna kiwango ambacho chini yake nondo hazigawi chochote. Kwa zege lenye uwezo wa kuvutwa wa MPa 2.9 na nondo za MPa 500, kiwango hicho ni asilimia 0.6 hivi ya eneo la zege. Ukishuka hapo, ufa wa kwanza ukitokea nondo inalegea palepale, na ufa wa pili hauzaliwi tena. Ule wa kwanza unaendelea kupanuka peke yake.

Dalili: mageti yamefungwa lakini maji yanashuka

Hiki ndicho kipimo cha kwanza na cha bei nafuu kuliko vyote. Funga geti la mlangoni, funga vali kuu kituoni, kisha tazama kimo cha maji kwenye shimo la kusawazisha presha, lile la wima lililounganishwa na handaki. Shimo lenye kipenyo cha mita 8 lina eneo la mita za mraba 50. Maji yakishuka sentimita 2 kwa saa umepoteza mita moja ya ujazo, sawa na lita 0.28 kwa sekunde.

Kabla hujaisingizia bitana, kagua washukiwa wengine. Vali kuu inayovuja itakuonyesha maji upande wa mtambo, kwa hiyo fungua bomba la kumwagia lililo baada ya vali na upime kwa ndoo na saa. Geti la mlangoni ni gumu zaidi, kwa sababu likivuja linaingiza maji handakini na kuuficha mvujo wa bitana. Kama bwawa liko juu kuliko kimo cha maji ndani ya shimo, geti linaweza kuwa linajaza kile bitana inachopoteza, na utaandika sifuri kwenye karatasi huku mlima unakunywa. Dawa yake ni kurudia kipimo kwa vimo viwili au vitatu tofauti vya maji ya shimoni. Mvujo wa geti na mvujo wa bitana haubadiliki kwa namna moja.

Mshukiwa wa tatu ni joto, na huyu huwaponyoka hata wazoefu. Handaki la kilomita 5 lenye kipenyo cha mita 4 linabeba mita za ujazo karibu 63,000. Maji hayo yakipoa kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi, tuseme yalikuwa kwenye nyuzi 20, yatasinyaa kwa mita za ujazo 13 hivi. Kwenye shimo letu la mita 8 hizo ni sentimita 26 za kushuka, bila tone hata moja kuvuja. Kwa hiyo weka vipimajoto ndani, angalau kimoja kila mwisho, na usianze kuandika namba za kuaminika kabla ya maji kukaa siku moja au mbili. Muda huo pia unavipa zege na mwamba nafasi ya kushiba maji.

Dalili: presha inaongezeka kidogo, mvujo unaongezeka mno

Hapa ndipo penye mambo. Jaza handaki kwa hatua: robo ya kimo, nusu, robo tatu, kimo chote. Simama kila hatua mpaka namba zitulie, kisha chora grafu ya mvujo dhidi ya presha. Usiruke hatua kwa sababu meneja anataka umeme Jumatatu.

Grafu ikiwa mstari ulionyooka, njia za maji hazibadiliki upana. Inaweza kuwa maungio ya zege, matundu ya grauti (uji wa saruji unaosukumwa kujaza mapengo) ambayo hayakuzibwa, au zege lenye vinyweleo. Mstari ukianza kunyooka kisha ukakunja juu, soma mahali unapokunja.

Mkunjo unaoanza mapema na kupanda polepole ni wa bitana: nyufa zinafunguka kadiri handaki linavyopanuka, na kile kipeo cha tatu kinafanya kazi yake. Ukishusha presha, mvujo unarudi kwenye mstari uleule. Hiyo ni tabia ya kawaida, na swali linabaki kuwa kama kiasi kinavumilika.

Mkunjo wa ghafla, uliokuwa kimya kabisa mpaka presha fulani kisha mvujo ukaruka, ni habari nyingine. Maji yameshapita bitana na sasa yanaufungua mwamba. Hutokea presha ya maji inapozidi mkazo mdogo kuliko yote unaoubana mwamba mahali hapo. Nyufa za asili za mwamba zinasukumwa mbali, na hakuna nondo itakayozuia hilo. Kanuni ya haraka ya kukagua: mwamba una uzito kama mara 2.7 ya maji, hivyo kimo cha maji cha mita 100 kinahitaji angalau mita 37 za mwamba juu yake ili tu kulingana. Wabunifu huongeza akiba, mara nyingi asilimia 30 juu ya presha ya maji. Kwenye mteremko mkali hesabu ya wima inadanganya, maana mwamba unaweza kuwa mnene juu lakini mwembamba ubavuni. Pima umbali hadi kwenye ngozi ya mlima kwa pande zote.

Kuthibitisha, chimba shimo jembamba kupita bitana hadi ndani ya mwamba, ziba kipande kwa kizibo cha mpira kinachovimba, na upampu maji kwa hatua tano: presha ndogo, ya kati, kubwa, halafu rudi ya kati na ndogo. Kipimo huitwa cha Lugeon, na Lugeon 1 ni lita 1 kwa dakika kwa kila mita ya shimo chini ya bar 10. Namba moja ya mwisho haisemi mengi. Linganisha zile tano. Zikifanana, maji yanapita kwa utulivu. Ikiwa presha kubwa imetoa Lugeon ndogo kuliko zingine, maji yanavurugika kwa kasi ndani ya njia pana. Ikiwa presha kubwa imetoa Lugeon kubwa halafu zikarudi chini presha iliposhuka, mwamba unapumua: unafunguka na kujifunga. Zikipanda hatua kwa hatua na zisirudi hata presha iliposhuka, maji yanaosha udongo uliojaa kwenye mipasuko. Zikishuka hatua kwa hatua, mipasuko inajaa na kuziba. Kwa tatizo letu, tabia ya tatu na ya nne ndizo za kukunyima usingizi, na ya nne ni mbaya kuliko ya tatu.

Dalili: presha ni ileile, mvujo unabadilika

Unapungua wiki baada ya wiki? Mara nyingi ni heri. Sehemu ni mwamba unaoshiba, na sehemu ni ufa unaojiponya: chokaa ya zege huyeyuka, hukutana na kaboni iliyo kwenye maji na kuganda kwenye kuta za ufa kama ukoko mweupe. Nyufa za milimita 0.2 kushuka chini hujiponya vizuri, mradi zisitikisike. Kwenye kituo kinachowasha na kuzima mitambo kila jioni kufuata mahitaji ya umeme, ufa unafunguka na kufunga kila siku na ukoko hauna muda wa kushika. Usimwahidi mtu uponyaji huo hapo.

Unaongezeka? Chukua chupa safi ukachote maji yanapotokea nje, kwenye chemchemi au mfereji wa njia ya ukaguzi. Yaache yatulie usiku kucha. Mchanga au tope likikaa chini ya chupa, mwamba unaoshwa. Shusha presha siku hiyohiyo, maelezo yatafuata. Maji yakiwa meupe safi na mvujo unapanda taratibu, una muda wa kuchunguza, lakini pima kila siku kwa saa ileile.

Kuna mvujo unaozidi usiku na Jumapili. Huo hauna uchawi. Mitambo ikifanya kazi, maji yanayokimbia hupoteza kimo kwa msuguano, na presha mwishoni mwa handaki huwa chini. Mitambo ikizimwa presha inarudi yote, na mara ya kwanza inapita kidogo juu ya hapo kwa sababu ya msukosuko.

Na upo unaofuata majira. Zege husinyaa kwa sehemu 10 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya baridi. Maji yakipoa kwa nyuzi 10 ni milimita 0.1 kwa kila mita, na kama nyufa zimeachana mita 3, kila mmoja unaongezeka milimita 0.3. Hiyo ni zaidi ya upana ambao mbunifu alikuwa ameruhusu tangu mwanzo. Kwenye nchi zenye barafu hili ni kubwa. Kwetu huonekana zaidi pale maji yanapotoka mito ya milimani na zege lilimwagwa wakati wa joto. Maji baridi pia yana mnato mkubwa, jambo linalopunguza mvujo kidogo, lakini upana kwa kipeo cha tatu hushinda.

Dalili: chemchemi mpya, kuta zenye unyevu, shamba lililolowa

Mfano wa kusoma kwa makini ni wa jiji la New York. Handaki la Rondout–West Branch, kipande cha kilomita 72 hivi cha mfereji wa Delaware unaoleta karibu nusu ya maji ya jiji, lilivuja kwa miongo kadhaa. Kwa kiwango cha juu lilikuwa linapoteza galoni milioni 35 za Marekani kwa siku, yaani lita zaidi ya 1,500 kwa sekunde. Sehemu kubwa ilitokea Roseton, karibu na mto Hudson, na nyingine Wawarsing, ambako watu walikuta maji kwenye vyumba vya chini ya nyumba zao. Zote mbili ni sehemu ambazo handaki linapita kwenye mwamba wa chokaa, ule unaoyeyuka na kumegeka maji yakipita.

Hawakuweza kulimwaga handaki na kuingia ndani. Jiji lingekosa maji, na haikujulikana bitana ingefanya nini presha ya ndani ikiondoka ghafla. Mwaka 2003 walipitisha ndani yake chombo kinachoogelea chenyewe, kilichotengenezwa na watafiti wa bahari wa Woods Hole, kikapiga picha za ukuta mwanzo hadi mwisho. Kwa Roseton, suluhisho lililochaguliwa halikuwa kuziba nyufa. Walichimba handaki jipya la kilomita 4 la kukwepa sehemu mbovu, lipite chini ya Hudson, na ndani yake wakaweka chuma. Mwezi Oktoba 2024 la zamani lilifungwa ili wayaunganishe. Novemba kazi ikasitishwa kwa sababu ya ukame.

Kwa wewe mwenye chemchemi moja kando ya barabara ya kituo, kazi ni kujua kama maji hayo ni yako. Njia rahisi ni kupima upitishaji wa umeme na joto la maji: ya mtoni huwa na chumvi kidogo na joto linalobadilika kwa majira, ya ardhini yana chumvi nyingi zaidi na joto lililotulia. Yakifanana na ya handakini, una jibu la awali. Rangi ya fluoresini iliyotiwa mlangoni itakuthibitishia, pamoja na muda wa safari, lakini waambie watu wa bonde kabla, maana maji ya kijani kwenye kisima cha kijiji yataleta mkutano mkubwa kuliko ulioutaka. Kama handaki ni la maji ya kunywa, rangi inahitaji idhini ya mamlaka husika. Mwishowe kuna jaribio la wazi kuliko yote: shusha presha kwa siku kadhaa uone kama chemchemi inafuata, na inachelewa kwa saa ngapi. Chemchemi inayoitikia kwa saa chache ina njia fupi na pana. Inayochukua wiki inapita kwenye mwamba wenye uvumilivu.

Handaki limemwagwa: kusoma nyufa

Kabla ya kuingia, mageti yafungwe kwa kufuli na ufunguo akae nao aliye ndani, hewa ipimwe, na pawe na mtu mlangoni mwenye orodha ya majina. Hili halina mjadala.

Ndani, osha ukuta kwanza. Tope jepesi linaficha nyufa za milimita 0.3 kabisa. Kisha subiri: zege likianza kukauka, kila ufa unabaki na ukanda mweusi wa unyevu pembeni yake kwa nusu saa hivi, na huo ndio wakati wa kuchora ramani. Tembea na kadi ya kupimia upana, chaki na nyundo ndogo. Andika upana kwenye ukuta penyewe pamoja na tarehe.

Nyufa za mzunguko, zinazozunguka handaki kama pete kila baada ya mita kadhaa, ni za kusinyaa na baridi. Presha ya maji haizisababishi, ingawa inazitumia. Nyufa za urefu, zinazofuata mhimili wa handaki, ndizo za presha. Ukiona nyingi, nyembamba, zilizoachana sentimita 40 au 60, nondo zimefanya kazi yake na mbunifu anastahili asante. Ukiona mmoja mpana pale ukuta unapokutana na sakafu, umekuta maungio ya kumwagia zege yasiyosafishwa vizuri. Mzigo wote umekwenda hapo.

Mistari miwili ya urefu, mmoja kila bega, inataka nyundo. Gonga dari katikati yake. Zege lililoshikana na mwamba linalia kavu na fupi. Lenye pengo nyuma linarudisha sauti nene, kama mlango wa kabati tupu. Zege likimwagwa chini ya dari huwa linashuka kidogo kabla ya kuganda, na lile pengo lisipojazwa grauti, dari inabonyezwa na maji kuingia kwenye uwazi na kukunjika mabegani. Rada ya ardhini au kipimo cha mwangwi wa pigo kitakuchorea ukubwa wa pengo, lakini sikio la fundi mzoefu hukuonyesha pa kuanzia.

Ufa wenye kidato, upande mmoja umejitokeza kuliko mwingine hata milimita 2, acha kuuita ufa wa presha. Mwamba umesogea. Angalia ramani ya jiolojia kama kuna mpasuko mkubwa unaokatiza hapo, na mwite mwanajiolojia kabla ya mtu wa kuziba.

Ukikuta vipande vya zege au mawe kwenye mtego wa mawe ulio kabla ya mtambo, ukubwa wa tatizo umeshapita nyufa. Glendoe huko Uskochi, kituo cha MW 100, mwamba uliporomoka ndani ya handaki mwaka 2009, miezi michache baada ya kuzinduliwa, na hakikurudi kazini hadi 2012. Sehemu kubwa ya handaki hilo haikuwa na bitana.

Nyufa zilizozaliwa siku ya kumwaga maji

Kwa miaka, maji yanayovuja yamejaza mwamba nyuma ya bitana. Ukimwaga handaki haraka, presha ya ndani inatoweka lakini ya nje inabaki, na bitana iliyozoea kusukumwa nje sasa inasukumwa ndani. Ishara zake: sakafu iliyonyanyuka na ufa katikati, zege lililobanduka kama magamba kwenye dari, majeti ya maji yanayoruka kutoka kwenye maungio. Sakafu bapa huumia kwanza kwa sababu haina umbo la tao la kuisaidia.

Kinga ni kasi. Kasi inayoruhusiwa huandikwa na mbunifu, kwa kawaida mita chache za kimo kwa saa hadi kumi hivi, na vituo vya kusubiri katikati. Piezomita, vipimo vya presha ya maji vilivyo nyuma ya bitana, ndizo zitakazokuambia kama mwamba unafuata. Zikibaki juu, simama. Kama hakuna piezomita, hesabu mwendo wa polepole kuliko ulioandikwa.

Majeti yenyewe ni kipimo cha bure. Pima kiasi kila saa. Yakififia kwa siku mbili au tatu, yalikuwa maji ya handaki yaliyokuwa yamehifadhiwa mlimani. Yasipofifia, ni maji ya asili ya mlima, na hayo yanahitaji matundu ya kuyatolea.

Kutu na maua meupe

Utando mweupe ni chokaa, na unaonyesha ufa umepitisha maji. Doa la kahawia linataka tahadhari zaidi, lakini si kila doa ni nondo. Mbao za fomu ya kumwagia zege, misumari na mwamba wenye chuma pia hutoa rangi. Kipimo cha volti kwa elektrodi ya shaba huhesabiwa kuwa na kutu kikionyesha chini ya milivolti 350 hasi, ila kanuni hiyo ilitengenezwa kwa madaraja na maegesho yanayopata hewa. Zege lililozama lina oksijeni kidogo, na linaweza kuonyesha volti mbaya sana bila kutu ya maana. Toboa sampuli ya silinda juu ya ufa, ifike kwenye nondo, na uangalie chuma kwa macho. Sampuli hiyohiyo itakuonyesha kama ufa unapita upande wa pili, na kama karibu na nondo unakuwa mwembamba kuliko usoni. Mara nyingi ndivyo ulivyo, na ndiyo sababu upana wa usoni ukitiwa kwenye hesabu hutoa mvujo mkubwa kuliko halisi.

Ukitaka uhusiano wa kweli kati ya upana na maji, maabara inatengeneza bamba la zege la unene wa bitana, lenye nondo zilezile, kulivuta kwa jeki mpaka lipasuke, kisha kusukuma maji upande mmoja na kupima yanayotoka upande wa pili. Ufa laini wa milimita 0.2 kwenye sentimita 30 za zege, chini ya bar 10 zote, ungepitisha lita 2.2 kwa sekunde kwa kila mita ya urefu wake. Bamba halisi litatoa sehemu tu ya hizo, kwa sababu kuta za ufa ni za kokoto na kona. Hakikisha vihisi vya upana viko pande zote mbili za bamba. Wanaobandika upande mmoja hupata namba nzuri zisizo na maana.

Kwenye handaki lenyewe wengine hufunga sanduku la chuma juu ya ufa kwa boliti na mpira, wakapampu maji ndani yake. Ni njia nzuri ya kulinganisha ufa na ufa. Lakini ufa huo umejifunga, kwa hiyo lita utakazopata ni za chini kabisa.

Umezibwa, bado unavuja

Sababu inayojirudia kuliko zote: ufa ulidungwa epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu, handaki likiwa tupu. Epoksi huhimili kuvutwa kuliko zege. Maji yakirudi, handaki linapanuka zile milimita 3 zilezile, na ufa mpya unazaliwa sentimita 5 pembeni ya ule wa zamani. Poliurethani, plastiki inayonyumbuka, inafaa zaidi kwa ufa unaopumua, na kwa sehemu mbaya, utando wa plastiki au chuma. Kama kipimo cha hatua tano kilionyesha mwamba unafunguka, kuziba bitana ni kupoteza pesa. Grauti iende ndani ya mwamba, kwa presha iliyopangwa chini ya ule mkazo mdogo, la sivyo wewe mwenyewe utaufungua.

Baada ya ukarabati, rudia kipimo cha mageti kufungwa kwa vimo vilevile, baada ya muda uleule wa kusubiri, na uandike joto la maji pembeni ya kila namba. Kisha kirudie katika mwezi ambao maji yako huwa baridi kuliko miezi yote. Hapo ndipo nyufa zitakuwa pana kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na namba ya mwezi huo ndiyo ya kumpelekea anayelipa mkandarasi.